Sikukuu ya Shule: Nani Atacheza, Nani Ataketi?

 Ninyi wa hapa Zongwe, maneno ya leo yametoka kwenu.

Leo nataka tuzungumze juu ya sikukuu ya shule, ile ambayo walimu wetu huiita kermesi. Najua wengine watacheka. Watasema: huyu bwana amesoma sheria chuo kikuu, tunamngojea atueleze habari za mashamba na za kurudi vijijini, naye anakuja na habari za mbio za magunia! Chekeni tu, lakini msizime redio.

Neno hilo kermesi lililetwa na Wabeleji. Kwao, katika lugha ya Kiflamandi, maana yake ya kwanza ilikuwa misa ya kanisa, yaani sikukuu ya kanisa la kijiji, siku ambayo watu wote wa kijiji walitoka kwenda kula na kucheza pamoja. Huku kwetu limebaki shuleni. Watoto wanaimba, wazazi wanauza mandazi na karanga, kuna tombola, kuna mpira, na pesa inayopatikana inanunua chaki au mabati. Ndivyo tulivyoizoea tangu utoto wetu.

Basi katika shule moja ya msingi ya hapa kwetu, ambayo jina lake siliweki hapa, komite ya wazazi ilikutana kupanga sikukuu kama hiyo. Shule hiyo ina watoto wa wenyeji na watoto wa familia zilizohama, Baluba na Batwa na wengineo, benchi moja. Mimi nilialikwa kama mwelimishaji wa raia. Direkta alitoa pendekezo lake kwa furaha: tufanye sikukuu tarehe 30 Aprili, kwa kuwa hiyo ni siku ya ualimu nchini kwetu, watoto hawasomi, na walimu wamezoea kuandamana. Wote wakaitikia. Katibu alikwisha kuandika.

Mama mmoja aliyeketi nyuma, karibu na mlango, akainua mkono. Ni mama wa Kitwa, ana watoto wawili pale shuleni. Akasema, “Direkta, tarehe hiyo mimi siwezi. Siku hiyo nilikuwa Nyunzu.”

Ndugu wasikilizaji, wale waliokuwa wadogo wakati ule yafaa wajue alichokuwa anasema. Tarehe 30 Aprili 2015, wakati jimbo letu la Tanganyika lilikuwa bado sehemu ya Katanga, wapiganaji wa Kiluba walivamia kambi ya Batwa waliohama pale Nyunzu. Waliuawa watu wasiopungua 30. Vibanda vilichomwa. Na mnajua wenyewe kwamba hayo hayakuwa mwanzo wala mwisho, kwa maana wapiganaji wa Kitwa nao walichoma vijiji vya Baluba, wakaua na kuharibu heshima ya wanawake, tena hata mwaka 2017 barabara ya Nyunzu ilikuwa na watu wenye mafurushi kichwani.

Kukawa kimya. Halafu baba mmoja, Muluba, mtu mzima wa kuheshimiwa, akasema: “Mama, pole. Lakini sisi nasi tulikufa. Kijiji changu kiliungua mwezi wa Februari. Tukiacha kila tarehe yenye marehemu, watoto hawa watacheza lini?” Na mwingine akaongeza kwa sauti ya chini, lakini ilisikika: “Hawa wamekuja juzi, sasa wanatupangia kalenda.”

Hapo ndipo mimi nilipokosea, na nitawaambia jinsi nilivyokosea. Nilisimama. Nikafungua Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kwa kuwa huwa natembea nayo mfukoni. Nikasoma kifungu cha 66, kinachosema kwamba kila Mkongomani ana wajibu wa kumheshimu na kumtendea mwenzake bila ubaguzi, na kutunza umoja, heshima na uvumilivu kati yetu. Nikasoma cha 13, kinachokataza ubaguzi katika elimu. Nilisoma vizuri. Nilipomaliza, yule mama akaniuliza kwa adabu kabisa: “Mwanangu, hiyo karatasi inasema nini juu ya tarehe?”

Haikusema kitu. Nikaketi.

Wale wakubwa wanaonisikiliza, nawaomba mlipime jambo hili. Sheria ni nzuri na nitairudia baadaye, maana kuna mahali inapofaa kama ufunguo katika kufuli. Lakini mtu anapotaja wafu wake, huwezi kumjibu kwa namba ya kifungu. Aliyeokoa mkutano ule hakuwa mimi. Alikuwa mwalimu mmoja wa kike wa darasa la pili, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi. Aliuliza swali dogo: “Je, ni lazima iwe tarehe 30? Ni nani aliyeamuru?”

Kumbe hakuna aliyeamuru. Maandamano ya walimu ni kitu kimoja, kermesi ni kitu kingine. Mtu akataja tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika. Direkta akasema mwezi wa Juni una mitihani. Nami nikakumbuka, lakini safari hii nilinyamaza, kwamba hata hiyo 16 Juni ni siku ya msiba: ni siku ya mwaka 1976 ambapo polisi wa Afrika Kusini waliwapiga risasi wanafunzi wa Soweto, na Umoja wa Afrika wa wakati ule ukaifanya kuwa siku ya watoto kuanzia mwaka 1991. Kwa hiyo yule baba hakukosa kabisa. Tarehe zina damu kila mahali. Lakini kuna tofauti kati ya msiba ambao wenye msiba wenyewe wamekubali kuugeuza sikukuu, na msiba ambao mtu mwingine anakuja kuchezea ngoma juu yake bila kuuliza.

Wakachagua Jumamosi ya mwezi wa Mei, mvua zikiwa zimepungua na njia zimekauka. Yule baba ndiye aliyeitaja tarehe yenyewe. Hakusema samahani, na yule mama hakusema asante. Katibu alifuta, akaandika upya.

Nilidhani kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha.

Ikaja habari ya ngoma. Mmoja wa komite akasema: “Batwa watatuchezea ngoma yao, wageni watafurahi.” Alisema kwa nia njema, naamini hivyo. Yule mama akainua mkono tena. Akauliza: “Tukicheza, nani atakuwa ameketi?”

Wazazi wapenzi, swali hilo lilinifuata mpaka nyumbani. Ni mara ngapi tumeona jambo hili? Anapokuja mgeni mkubwa, Batwa wanaitwa kucheza. Wanacheza juani. Wenye viti wameketi kivulini, wanapiga makofi. Wakimaliza, wanapewa chumvi au kinywaji, wanarudi kwao, na hakuna aliyewauliza neno lolote juu ya shamba, juu ya shule, juu ya nani atasema kwa jina lao mbele ya serikali. Vita hivi vilivyotutawanya vilikuwa na sababu nyingi, na wanasiasa nao walitia kuni. Lakini ndani yake kulikuwa na malalamiko ya zamani: kazi ya kulima mashamba ya wengine kwa malipo kidogo au bila malipo, ushuru wa mali ya porini, kutotambuliwa kwa wakubwa wao. Mwaka 2016, huko Kabalo, watu waliuana kwa sababu ya ushuru uliotozwa juu ya viwavi vya kula. Viwavi! Asiyejua habari zetu atadhani tuna wazimu. Anayejua, anajua kwamba kiwavi kilikuwa tone la mwisho katika mtungi uliokwisha kujaa.

Kwa hiyo viti si jambo dogo. Komite ilibishana juu ya viti kwa muda mrefu kuliko ilivyobishana juu ya pesa. Mwisho walipatana hivi: kila ngoma itachezwa na darasa, si na kabila. Darasa la tano lijifunze ngoma ya Kitwa, wote, Muluba na Mtwa na Muholoholo, na mwalimu wa ngoma hiyo awe mzee wa Kitwa, aitwe mwalimu mbele ya watoto. Darasa la nne lijifunze ya Kiluba kwa namna ileile. Na katika viti vya mbele, mzee wa Batwa aketi pamoja na wakubwa wengine, si nyuma yao. Mkubwa mmoja alikunja uso. Alisema desturi haijui jambo hilo. Akajibiwa na mzee mwenzake kwamba desturi haikujua turubai pia.

Sasa niseme juu ya pesa, na hapa sheria inafaa.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ni bure. Kwa miaka mingi maneno hayo yalilala kwenye karatasi. Tangu mwaka wa masomo ulioanza Septemba 2019 serikali ilianza kuyatekeleza, ingawa shida za vyumba kujaa na mishahara ya walimu tunazijua sote. Basi ikiwa masomo ni bure, hatuwezi kuingiza malipo kwa mlango wa nyuma kwa jina la sikukuu. Kuomba mchango wa hiari ni halali. Kumwambia mtoto “usipoleta franka usije Jumatatu” si halali, na mzazi aliyeambiwa hivyo ana haki ya kwenda kuuliza, kwanza kwa direkta, kisha kwa komite, kisha kwa mkaguzi wa shule. Aende na mtu mwingine, aende kwa utulivu, aandike tarehe.

Ndugu zetu Batwa wajue pia kwamba kuna sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022, inayolinda na kuendeleza haki za watu wa asili Mbilikimo wa nchi yetu. Jina hilo la Mbilikimo wengine hawalipendi, lakini ndivyo sheria ilivyoandika kwa Kifaransa chake. Elimu ya watoto wao imo ndani yake. Mkuu wa kijiji asiyeijua aiombe. Ni aibu sheria ya wananchi wako ijulikane na wageni kabla yako.

Katika shule ile, walipatana kwamba kuingia ni bure. Anayetaka kushiriki tombola anunue tikiti. Na ili mtoto asiye na kitu asibaki akitazama tu, michezo yote ya mbio iwe bila malipo. Wazazi wa kambi walisema hawana pesa ya kutoa lakini wana mikono. Walifyeka uwanja, wakachimba mashimo mawili ya choo, wakaleta maji. Mimi naona mchango huo ulikuwa mkubwa kuliko gunia la unga, ila uandikwe kwenye daftari la komite kama vile unga unavyoandikwa. Usipoandikwa, mwakani mtu atasema, “wale walikula tu.”

Ikafika siku yenyewe. Sitaielezea yote. Palikuwa na bukari, sombe na ndakala, maharagwe, mihogo ya kuchemsha. Mlangoni kulikuwa na ndoo zenye bomba na sabuni, na mama wawili wakali waliosimamia mikono ya kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Tunaoishi Kalemie tunaijua kolera. Sherehe isiyo na maji safi inaweza kutuzika. Lutuku ilikatazwa kabisa, na aliyekuja nayo alirudishwa nayo. Wasichana walicheza nzango, na sijui kama mpira wa wavulana ulipata watazamaji nusu ya wale.

Nataka nikae kidogo juu ya jambo moja lililokaribia kuharibu yote. Ilikuwa mchezo wa kuvuta kamba. Vijana waliopewa kuupanga, bila kufikiri, walipanga kambi upande mmoja na kijiji upande mwingine. Mwalimu yule wa darasa la pili akaona, akakimbia, akawavunja, akapanga upya: waliozaliwa miezi sita ya kwanza ya mwaka huku, wa miezi sita ya mwisho kule. Watoto wengine hawakuijua miezi yao, na vyeti vingi vya kuzaliwa viliungua pamoja na nyumba, basi wakachagua wenyewe huku wanacheka. Hilo likapita salama.

Lakini saa nane hivi, nyuma ya darasa la mwisho, watoto wawili wa kiume wakagombea mpira, mmoja akapasuka mdomo. Damu kidogo tu, ya watoto. Habari ilipofika upande wa pili wa uwanja, ilikuwa imekwisha kuwa “Batwa wamempiga mtoto wetu.” Nilihesabu kichwani: haikuchukua dakika tatu. Wanaume walisimama. Niliwaona wengine wanatazama njia ya kwenda nyumbani, na mnajua nyumbani kuna nini juu ya paa.

Direkta hakutumia kipaza sauti kuhutubia. Alifanya kitu ambacho komite ilikuwa imepatana kabla, na ndiyo sababu nawaambia leo. Walikuwa wameteua watu wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, wa pande zote, wenye kitambaa cheupe mkononi, kazi yao moja tu: neno baya likisikika, waende kuona kwa macho yao, kisha warudi kusema walichoona. Wale wanne wakaenda. Wakarudi na watoto wote wawili, wakawasimamisha mbele ya viti. Mama mwenye kitambaa akasema kwa sauti: “Huyu ni nani? Na huyu ni nani? Wamegombea mpira. Aliyepasuka mdomo ndiye Mtwa.” Habari ilikuwa imegeuzwa kichwa chini.

Basi wanaume wakaketi. Mmoja akacheka, halafu wengine. Mama wa yule mtoto mwingine alimchukua aliyeumia, akamwosha kinywa kwa maji ya chumvi.

Wakubwa wa vijiji, uvumi hauna miguu lakini hushinda pikipiki. Msipange sikukuu, wala soko, wala mazishi, mahali penye watu waliopigana, bila kuwa na watu wa namna hiyo. Hawahitaji mshahara wala mafunzo marefu. Wanahitaji kuaminiwa na pande zote, na kuteuliwa kabla jambo halijatokea. Askari wenye bunduki wakae mbali na uwanja. Wajulishwe, lakini wasisimame katikati ya watoto, kwa kuwa wapo watoto wanaoona bunduki na kujikojolea, nami nimewaona. Na mambo yaishe jua likiwa bado juu, maana wasichana wa kambini wana njia ndefu ya kurudi.

Mtaniuliza: je, watu walipatana? Sikuona mtu akimkumbatia mwenzake, na wale wanaosema mchezo wa siku moja huponya vita wanatafuta ripoti nzuri ya kumpelekea mfadhili. Mwezi wa Februari 2017 wajumbe walikutana Kalemie katika baraza kubwa la amani, wakasema maneno mazito, na baada yake bado watu walikimbia. Niliyoyaona mimi ni madogo. Darasa la tano lilicheza ngoma ya Kitwa, na mtoto aliyeicheza vizuri kuliko wote alikuwa mtoto wa yule baba ambaye kijiji chake kiliungua. Baba huyo alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, hapigi makofi, haondoki. Yule mama wa Nyunzu alikuja kwa kuchelewa, akala kidogo, akawatazama watoto wake wakivuta kamba, akaondoka kabla ya tombola. Jumatatu iliyofuata, watoto wawili wa kambi ambao walikuwa wameacha shule walirudi darasani. Wawili. Nawahesabu.

Hesabu ya pesa ilisomwa mbele ya wazazi wote siku ya tatu, franka kwa franka, na ikabandikwa ukutani. Fanyeni hivyo pia. Pesa isiyosomwa huleta ugomvi ambao kabila huazimwa kuufunika.

Jambo moja halijapatiwa jibu. Katika mkutano wa mwisho, mzee wa Batwa aliomba kwamba sikukuu ijayo, kabla ya michezo, yasomwe majina ya waliokufa, wa pande zote, ili watoto wajue. Wengine walikubali mara moja. Wengine walisema watoto waachwe wacheze, majina yasomwe kanisani au barazani. Yule mama wa Nyunzu alipoulizwa alisema atafikiri. Komite itakutana tena Jumamosi baada ya soko, katika darasa la sita, na wazazi wa kambi wameombwa waje mapema kwa sababu mabenchi hayatoshi.